Kutoka Kasulu Mpaka Kibondo

Marehemu baba yangu alikuwa mzaliwa wa upande wa Kibondo. Kama Waha wengi wa zama zake, aliondoka kwao angali kijana, akaenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga, akawa miongoni mwa wale walioitwa manamba. Alikuwa akitusimulia ya kwamba kutoka kijijini kwao mpaka Kasulu alikwenda siku nne kwa miguu, katikati ya mwitu, kisha akafuata gari moshi Kigoma. Hakurudi tena mpaka alipofariki. Nami nilikua nikiamini ya kwamba njia hiyo ni ndefu mno, tena ya hatari.

Mwezi wa Septemba, mwaka 2016, niliishika njia hiyo pamoja na mwanangu, tukitokea upande wa Kasulu. Baada ya Swala ya alfajiri tulipakia vitu vyetu garini, tukaelekea kaskazini mashariki. Wakati huo barabara ilikuwa ya changarawe nyekundu. Kazi ya kutia lami ilikuja miaka michache baadaye. Kwa kuwa ulikuwa mwisho wa kiangazi, hapakuwa na tope wala utelezi, ila vumbi tu.

Yafaa msomaji ajue ya kwamba nchi ya Buha imeinuka zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, basi asubuhi yake ina baridi. Tulipita mashamba ya migomba na mihogo, tukafika Makere, inapochepuka njia ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 ikapokea Warundi wengi. Tuliwakuta wanawake waliojitwika kuni, tukapunguza mwendo tusije tukawatimulia vumbi. Maana njia nayo ina haki zake.

Kisha tukaingia katika mwitu wa miombo. Ajabu ya miti hiyo ni kwamba haingoji mvua. Huchipua majani mapya kabla ya mvua kunyesha, nayo huanza mekundu kama shaba, ndipo yageuke kijani. Hapa na pale mizinga ya nyuki ilitundikwa matawini. Mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona babu hakutuambia ya kuwa ni pazuri hivi?" Nikamjibu ya kwamba mwenye mzigo kichwani hutazama miguu yake.

Mbele tukavuka mto Malagarasi. Mto huu huanzia karibu na mpaka wa Burundi, huenda mashariki, huizunguka nchi ya Buha na kupita katika mabwawa ya Moyowosi, kisha hurudi magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa Kibondo. Shangazi yangu, ambaye sikupata kumwona tangu kuzaliwa kwangu, alikuwa kikongwe. Alitukalisha mkekani, akatupapasa nyuso mmoja mmoja, akauliza, "Mmelala wapi njiani, mwanangu?"

Nikajibu, "Hatukulala, shangazi. Tumetoka Kasulu leo asubuhi."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe si mbali."

Hakunilaumu zaidi ya hapo, lakini neno hilo lilitosha. Ilikuwako miaka ambayo majambazi waliwavamia wasafiri katika barabara ile, na udhuru wangu ulikuwa na uzito. Miaka hiyo ilipopita, udhuru ulibaki mdomoni tu, na kumbe ulikuwa uvivu. Baba yangu alizuiwa na umaskini na miguu yake; mimi sikuzuiwa na kitu.

Enyi vijana, kuunga jamaa ni wajibu wetu, na kila njia inapokuwa nyepesi, udhuru wetu huwa mdogo zaidi. Kama mnaye shangazi au mjomba nyuma ya mwitu wowote, nendeni mkamsalimu angali hai. Msingoje lami.