Laisamis, nyumbani kwa ‘buibui’ asiyefugika

Ukitoka Isiolo kuelekea Moyale, una safari ya takriban kilomita 500 mbele yako, katika nchi ya miiba, mawe na jua. Ukishauvuka mto Ewaso Nyiro pale Archer’s Post, mlima Ololokwe hukusindikiza kwa muda. Kisha waufikia Merille, mto ambao kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Mbele kidogo ndipo Laisamis, mji mdogo wa Warendille na Wasamburu, ambapo nililala kwa rafiki yangu mwalimu.

Usiku huo tulikuwa tumeketi uani, taa ikiwaka, mara kitu cha rangi ya mchanga kikapita miguuni pangu mbio. Niliruka juu ya kiti. Watoto wa mwenyeji wangu waliangua kicheko.

“Tulia, ndugu yangu,” mwalimu akaniambia. “Hakutaki wewe. Anataka wadudu wa taa.”

Huyo ndiye anayeitwa buibui wa ngamia. Huenda umesikia kwamba hufukuza watu na kwamba hula matumbo ya ngamia. Hayo ni maneno matupu. Kwanza, si buibui hasa, ingawa yeye, buibui na nge ni wa ukoo mmoja. Ukimhesabu miguu utadhani ni kumi, kumbe ni minane. Ile miwili ya mbele ni viungo vya kupapasia na kukamatia. Hana sumu, lakini ana mataya manne yenye nguvu, na ukimshika ovyo atakukata ngozi. Mchana akikuandama, ujue anakimbilia kivuli chako tu.

Asubuhi mwalimu alinionyesha beseni la plastiki alilolijaza mchanga nusu na kulifunika kwa wavu. Wanafunzi wake walikuwa wamemletea jike mmoja, mwenye tumbo nene, naye alitaka darasa lione akitaga.

“Wa kwanza alitutoroka,” alisema. “Sikujua anaweza kupanda beseni.” Na kweli, ncha za vile viungo vya mbele hunata hata kwenye kioo.

Basi, msomaji, kama wadhani kumfuga ni kazi rahisi, sikiliza. Anahitaji mchanga wa kina, mkavu juu na wenye unyevu kidogo chini, kwa maana ni mchimbaji asiyechoka. Anahitaji joto, na nyenje, mchwa au mende walio hai. Atakula hadi tumbo lifure ashindwe kutembea vizuri. Usithubutu kuwaweka wawili pamoja, la sivyo kesho utamkuta mmoja.

Kuwazalisha ndiyo kazi zaidi. Dume humvamia jike kwa ghafla, naye jike hulegea kana kwamba amezirai. Dume humpa mbegu akitumia mataya yake, kisha hutimua mbio kabla bibi hajazinduka, kwani akichelewa huenda akaliwa. Baadaye jike huchimba shimo na kutaga mayai, pengine zaidi ya mia moja. Watoto wanapoanguliwa hawawezi kutembea wala kuwinda; hubaki shimoni mpaka wajivue gamba la kwanza. Baada ya hapo kila mmoja hushika njia yake. Kuwakuza hao hadi wazae wajukuu ni jambo lililowashinda wengi, hata wataalamu wenye maabara.

Sababu kubwa ni umri. Kwa jumla wengi wao huishi mwaka mmoja hivi. Huyo mkubwa unayemkamata leo amekwisha kula sehemu kubwa ya siku zake. Unadhani umeanza kufuga, kumbe unamtazama mzee akimaliza safari.

Nilipoondoka, mwanangu wa darasa la sita alikuwa ameniagiza nimletee mmoja kwenye chupa. Nilikiri hayo kwa mwalimu. Hakunikaripia. Alinikumbusha tu kwamba mnamo Mei 2025, mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne, wakiwemo vijana wawili kutoka Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kupatikana na maelfu ya sisimizi. Sisimizi, msomaji! Sheria ya wanyamapori haiangalii ukubwa wa kiumbe.

Niliirudisha chupa mkobani ikiwa tupu.

Majuma matatu baadaye mwalimu alinipigia simu. Jike alikuwa amekufa bila kutaga. Wanafunzi walikuwa wamemzika nyuma ya darasa, na msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, tungemwacha angetaga?” Mwalimu hakuwa na jibu. Aliniambia kuwa tangu siku hiyo darasa lake la sayansi hufanyika usiku, mara moja kwa muhula, chini ya taa ya uani. Watoto huketi kimya na madaftari yao, nao wageni hao huja wenyewe, hula na kwenda zao.

Kwa hiyo likizo ikifika, mzazi, wapeleke watoto kaskazini wakaone. Beba tochi na viatu vilivyofunika vidole. Chupa iache nyumbani.