Hesabu Niliyoikuta Kwenye Ukili

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nilifundisha kigawo kikubwa cha shirika, KKS, kama nilivyofundishwa mwenyewe: ubaoni, kwa namba tupu, watoto wakikariri hatua. Mhadhara mmoja wa wazi, usio na kiingilio, uliyabadilisha hayo, nami naushuhudia kwa furaha.

Mzungumzaji alianza na mchanga. Alitueleza habari za Wachokwe wa mashariki mwa Angola na mabingwa wao wa kuchora sona: walikuwa wakipanga nukta kwa ncha za vidole, kisha wakizizungushia mstari huku wakisimulia hadithi. Akageukia ubao, akapanga nukta safu 3, kila safu nukta 4. Mstari ukapita mshazari kati ya nukta, ukifika ukingoni unapinda na kurudi, mpaka ukazizunguka zote na kurejea ulikoanzia, chaki haijainuliwa hata mara moja. Akapanga nyingine, 4 kwa 6. Safari hii mstari ulijifunga mapema, ikabidi aanze wa pili. KKS ya 3 na 4 ni 1: mstari mmoja. Ya 4 na 6 ni 2: mistari miwili. Moyo ulinidunda. Somo langu lilikuwa pale, lina umbo, lina hadithi.

Mzungumzaji akaendelea: Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, alizichunguza sona hizi kwa miaka mingi. Alichunguza pia sipatsi, mikoba inayosukwa Inhambane. Ua linalojirudia kila baada ya miyaa 6 litakutana vizuri mkoba ukizungukwa na miyaa 36. Ikiwa 38, litakatika.

Hapo mama mmoja, msusi wa mikeka, akasimama. "Mwanangu, hilo sisi tunalijua. Ukikosea idadi mwanzoni, maua hayakutani. Unafumua." Mzungumzaji akamwita mbele. Mama akachukua miyaa, akaanza ukili, akihesabu kwa sauti, na ukumbi mzima ukahesabu pamoja naye.

Tangu siku hiyo mada ya KKS naianza uwanjani, kwa nukta mchangani. Watoto wanabashiri idadi ya mistari kabla ya kuchora, na waliokuwa wakikaa kimya nyuma ndio wanaowahi kunyoosha mikono. Wazazi wanaosuka huja darasani kufundisha, nami hukaa na wanafunzi kuuliza maswali.

Ombi langu kwa waandaaji wa mihadhara ni moja. Msusi, fundi wa jahazi na mpiga ngoma wasisubiri muda wa maswali ndipo wasikike. Waalikwe tangu mwanzo, majina yao yawekwe kwenye tangazo pamoja na la profesa, nao walipwe kama yeye. Elimu yao ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu bora.