SIKIO HALINA SPEA

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kwetu Chebunyo nimeona methali hii ikipinduliwa juu chini. Gari la abiria lisipojitembeza kwa muziki, vijana hulipita kana kwamba halipo. Wao hungoja lile linalotingisha mabati ya maduka. Kwa hiyo wenye magari hushindana kwa spika kuliko kwa usafi.

Mjomba wangu ana Probox anayobebea abiria wa Sigor na Bomet. Gari hilo lilitoka Japani likiwa na redio yake, lakini kwa stesheni zetu nyingi redio hiyo ilikuwa bubu. Sababu ni kwamba redio nyingi za magari ya huko hushika FM kuanzia megahazi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zimetapakaa kuanzia karibu 88 hadi 108. Wengine hutia kifaa kidogo cha kuhamisha mawimbi. Mjomba yeye aling'oa redio yote akatia mpya. Kwa hilo sina neno. Habari zikisomwa kwa lugha ya nyumbani katika Kass FM au Chamgei, hata mzee aliyebanwa kiti cha nyuma husahau mashimo ya barabara.

Taabu ilianza alipoongeza amplifaya na spika ya besi kubwa kama sufuria ya harusi. Juu ya amplifaya paliandikwa wati 1000 kwa rangi ya dhahabu. Fundi aliiunganisha kwa waya ule ule mwembamba wa redio, akapokea pesa zake, akaenda. Jioni, kila besi ilipopiga "du!", taa za mbele zilififia kama mtu anayesinzia.

Siku hizo tulikuwa tukisoma umeme katika somo la Fizikia. Nikachukua kalamu. Nguvu ya umeme ni volti mara ampea. Betri ya gari ni volti 12, hivyo wati 1000 zahitaji ampea zaidi ya 83. Nikaitazama fyuzi ya amplifaya: ampea 30. Kumi na mbili mara thelathini ni 360. Hata injini ikinguruma na volti zikafika 14, ni 420 tu, na sehemu ya hizo hupotea kwa joto.

"Mjomba," nikamwambia, "hizi wati elfu moja ziko kwenye rangi tu. Na huu waya utakuja kuchoma gari."

Akacheka hadi akajifuta machozi. "Wewe mwalimu, abiria hawapandi hesabu. Mwezi ujao naongeza spika ya pili."

Sikumlaumu. Pesa za gari hilo ndizo hununua unga nyumbani, na karo ya binamu zangu hutoka humo humo. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonikosesha usingizi. Wakati wa chakula cha jioni mjomba alikuwa ameanza kusema "ati?" kila anapoulizwa neno. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani wanashauri kwamba mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hukatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na zikifika 100 ni dakika 15 tu. Abiria hushuka Sigor akaenda zake. Dereva hubaki humo tangu alfajiri hadi giza.

Aliyemshinda mjomba si mimi wala Fizikia. Ni bibi mmoja mkongwe aliyekuwa akienda kwa bintiye. Aliita "nishushe" mara tatu, hakusikika. Akapitishwa mbali na kwake, na jua lilikuwa kali. Aliposhuka alilipa nauli yote, kisha akasema polepole, "Mwanangu, gari lako lina mdomo, lakini halina masikio."

"Nisamehe, kogo," mjomba akasema, akageuza gari akamrudisha.

Spika ya pili haikununuliwa. Pesa hizo zilinunua waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikawekwa karibu na betri, ili waya ukigusana na bodi ukatike umeme badala ya kuzuka moto. Tulitia spika mpya za kadiri milangoni, tukaziba matundu ya milango na kukaza vyuma vilivyokuwa vikilialia. Chenji ilibaki. Sasa redio ikiwa chini unasikia kila neno, na anayetaka kushuka anasikika pia. Vijana wachache wametuhama, hilo ni kweli. Akina mama wenye watoto wameongezeka.

Isitoshe, muziki haujawahi kungoja wati ili upendwe. Wazee wetu Wakipsigis walizisikia santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, kwenye gramafoni. Wakamwita Chemirocha, wakamtungia wimbo wao. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey aliurekodi wimbo huo kule Kapkatet, na hadi leo unasikilizwa ng'ambo. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikutingisha bati la mtu.

Wenzangu, najua wengi wetu tunaota kuwa na magari yenye muziki mzito, na wengine tayari tumeziba masikio kwa spika ndogo za simu. Sheria ya mwaka wa 2009 inakataza kelele za kupita kiasi, lakini askari hawezi kukaa ndani ya sikio la mtu. Spika ikipasuka, Bomet zipo tele. Mjomba amepunguza sauti, lakini ile "ati?" bado tunaisikia kila jioni, na daktari amemwambia kilichokwenda hakirudi. Siku hizi tukila, mimi huketi upande wake wa kulia, ndio unaosikia vizuri.