Karatasi Aliyotuachia Baba

Mama yetu aliachwa mara moja katika maisha yake, na kwa zaidi ya miaka 20 hapana aliyemtaka ushahidi. Mtaa mzima ulijua. Walijua wanawake waliokuja kukaa naye jioni alipokuwa edani, alijua sheikh aliyemfungisha nikaha ya pili, na tulijua sisi binti zake watatu, ingawa tulikuwa wadogo. Ujuzi wa mtaa ndio uliokuwa cheti chake. Hatukufikiri kwamba mtaa nao huzeeka, ukahama, ukafa.

Mume wake wa pili, ambaye sisi tulimwita Ami kwa heshima, alifariki mwaka jana. Alikuwa mtu mpole, mwenye duka dogo na nyumba ya vyumba vinne, na kwa mama yetu alijaaliwa mtoto mmoja wa kiume, ndugu yetu wa mwisho. Mama alikaa eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, na ilipokwisha jamaa wakakutana kuzungumza mirathi. Hapo ndipo kaka mkubwa wa marehemu aliposema neno ambalo halikupata kusemwa nyumbani mwetu. Alisema kwamba hajaona talaka ya mama kutoka kwa mume wa kwanza. Ikiwa talaka haipo, alisema, basi nikaha ya pili ilifungwa juu ya nikaha, na mwanamke huyu si mjane wa ndugu yake.

Hakupaza sauti. Alilisema kama mtu anayeulizia risiti. Mama alijifunika ushungi wake vizuri, akanyanyuka, akaingia ndani.

Shauri lilifika mbele ya Kadhi. Kwa sheria ya mirathi, mjane aliyefiwa na mume mwenye watoto hurithi thumuni, sehemu moja katika nane. Thumuni ya nyumba ya vyumba vinne si mali ya kumtajirisha mtu. Lakini lililokuwa mizanini halikuwa chumba. Lilikuwa jina la mama yetu na miaka yote aliyoishi na mtu yule akimpikia, akimuuguza, na akimzika. Tena alikuwako ndugu yetu. Sheikh mmoja alitutuliza, akatueleza kwamba ndoa iliyofungwa kwa nia njema, hata ikija kuonekana ina kasoro, haimpokonyi mtoto nasaba yake. Tulishukuru. Lakini maneno ya watu hayangoji fatwa, na kijana alikwisha anza kuswali msikiti wa mbali ili asikutane na ami zake.

Kadhi alituuliza swali moja tu: talaka hiyo iliandikwa wapi? Tukatazamana. Baba yetu, aliyeitoa talaka, alikwisha kufa. Kati ya mashahidi wawili mmoja alitangulia mbele ya haki, na wa pili yu hai lakini hamkumbuki hata mwanawe. Mama alikumbuka kwamba babu yetu alipokea karatasi, akaiweka katika sanduku lake. Sanduku tulilipata. Mchwa walikuwa wamelitangulia. Tukaomba muda, tukapewa.

Siku ya kwanza tulipofika masijala, karani, kijana mwenye adabu, alimwita mama "Mama" na kumpa kiti, kisha akauliza mambo matatu: majina ya mume na mke kama yalivyo katika cheti cha ndoa, mwaka wa talaka, na mahali ilipoandikishwa. Tulidhani tunayajua yote matatu, na katika mawili tulikosea.

Kwanza majina. Mama tangu utotoni huitwa kwa jina la kubembelezwa, na hilo ndilo lililomo katika kitambulisho chake. Katika cheti cha ndoa yake ya kwanza ameandikwa kwa jina alilopewa siku ya akika, pamoja na jina la babu wa babu yake. Tungetafuta kwa jina la kitambulisho tungepita juu yake mara mia tusimwone. Pili mwaka. Tulisema 1999, kwa kuwa mdogo wetu aliingia chuoni mwaka ule na sote tunakumbuka baba hakuwapo. Tulipekua daftari za 1999 siku mbili, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na karani. Hatukuona kitu. Siku ya pili jioni mmoja wetu alisema jambo ambalo kila mmoja alikuwa akiliwaza kimoyomoyo: huenda haikuandikwa kamwe. Huenda baba alitamka, akaondoka, akamwacha mama na neno tupu.

Hatukuona vigumu kuliamini hilo. Tulikua na uchungu na baba. Alioa mji mwingine, akaja kwa nadra, na zawadi zake za Idi zilifika zimechelewa. Alipokufa tulimwombea maghufira kwa sababu ni wajibu, lakini ndani ya nyoyo zetu tulikuwa na hesabu naye ambayo haikufungwa.

Usiku ule mama ndiye aliyetuongoza. Yeye hahesabu miaka kwa tarakimu. Huhesabu kwa mifungo, kama walivyohesabu wazee wake. "Mimi niliachwa Mfungo Mosi," alisema. "Na Ramadhani iliyotangulia tulifuturu maji yameingia mpaka uani." Tukanyamaza. Mvua hizo kila mtu wa pwani anazijua: ni mvua za El Niño, zilizoanza mwishoni mwa 1997 zikavunja madaraja na kuzamisha mashamba. Ramadhani ya mwaka ule, 1418 Hijria, iliandama mwisho wa Disemba 1997. Mfungo Mosi wake basi ni Februari 1998. Tulikuwa tukitafuta katika mwaka usio wake.

Kesho yake karani alitoa daftari la 1998. Alipofika Februari alipunguza mwendo wa kidole, kisha akakisimamisha. Jina la akika la mama lilikuwapo, na jina la baba, na majina ya mashahidi wawili. Talaka moja. Tarehe ya kutamkwa, na tarehe ya kuandikishwa, siku nne baadaye. Na chini, mahali pa aliyeleta habari, palikuwa na saini ya baba yetu, ile ile yenye mkia mrefu tuliyokuwa tukiiona katika ripoti zetu za shule.

Mama alitaka asomewe mara ya pili. Kisha akasema, "Kumbe alikwenda mwenyewe." Hakusema zaidi.

Katika Suratul Baqara, aya ya 229, Mwenyezi Mungu anawataka waume ama wakae na wake zao kwa wema ama waachane nao kwa ihsani. Aya hiyo tumeisikia katika mawaidha mengi, na daima tulidhani ihsani ya kuachana ni kutotukanana, kulipa mahari yaliyobaki, na kutoa mutaa, ile tunayoiita kitoka nyumba. Mbele ya daftari lile tulifahamu kwamba na kuandikisha ni ihsani. Baba yetu, ambaye tulimhesabia makosa yake yote, alifunga safari, akapanga foleni, akalipa ada na kutia saini, ili mwanamke asiyekuwa mkewe tena asije akaulizwa siku moja swali asiloweza kulijibu. Hakutuambia. Labda hakuona kuwa ni jambo la kuambiwa. Tumemsamehe mengi tangu siku ile, na tunamwomba Mola amsamehe yaliyobaki.

Tulipewa nakala iliyothibitishwa kwa mhuri. Kadhi aliilinganisha na cheti cha nikaha ya pili, akaona kwamba kati ya talaka na ndoa ile umepita zaidi ya mwaka, nayo eda ilikwisha zamani, na mama akatambuliwa kuwa mjane na mrithi. Kaka wa marehemu hakuomba radhi. Lakini Ijumaa iliyofuata alimpitia ndugu yetu nyumbani, wakaenda msikitini pamoja, wakasimama safu moja. Hatukudai zaidi ya hapo.

Tumeyaandika haya, akina mama na akina dada, kwa sababu tuliyemkuta amekaa katika benchi la mahakama kila siku tulipofika hakuwa mama yetu peke yake. Wako wanawake wengi walioachwa kwa neno la mdomoni au kwa ujumbe wa simu, wasio na karatasi. Hawawezi kuolewa kwa utulivu, wala kusema wameolewa. Qur'ani yenyewe imewakataza waume kumwacha mke kama kitu kilichotundikwa.

Basi tuyajue mambo yetu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa nayo. Zamani ndoa na talaka zetu ziliandikishwa chini ya sheria yake maalumu, sura ya 155. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikachukua nafasi yake. Inasema kwamba kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu kutafuata sheria ya Kiislamu, na inamtaka Kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa akitoa hukumu ya talaka apeleke nakala iliyothibitishwa kwa Msajili wa Ndoa.

Mwanamume aliyetamka talaka aende akaiandikishe upesi, pamoja na mashahidi wake, maana Suratut-Talaq imetaja mashahidi wawili waadilifu. Asipokwenda, mke hakufungiwa mlango. Aweza kufungua shauri mwenyewe, akaiomba mahakama ithibitishe talaka iliyokwisha tamkwa. Na ambaye hajaachwa lakini amedhulumika, kwa kutopewa masurufu, kutelekezwa au kupigwa, aweza kuomba fasikhi. Na anayetaka kujivua kwa kurudisha mahari ana mlango wa khului, uliofunguliwa tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa mke wa Thabit bin Qays aliyerudisha shamba.

Anayefungua shauri aende na cheti cha ndoa, kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na maelezo ya madai yake yaliyopangwa kwa tarehe. Siku hizi hati huwasilishwa kwa mfumo wa mtandao wa Idara ya Mahakama. Asiyeweza aombe msaada masijala, wala asione haya. Mume atapelekewa hati ya kuitwa, na mara nyingi pande mbili zitatakwa kwanza zijaribu suluhu. Hukumu ikitoka, usiridhike na kuisikia kwa masikio. Omba nakala iliyothibitishwa, uandike nambari ya shauri mahali pawili, na uweke nakala moja nyumba nyingine ambayo mchwa wako hawaijui.

Na anayetafuta talaka ya zamani, ya mamake au ya bibi yake, aanze na wazee kabla ya kuanza na daftari. Awaulize majina yote ambayo mtu huyo aliitwa. Aulize ilikuwa mfungo gani, mvua gani, nani alizaliwa na nani alikufa mwaka ule. Kisha ageuze tarehe za Hijria kuwa za miladi, na atafute mwaka mmoja mbele na mmoja nyuma. Akikosa katika mahakama ya mji wake, aulize ya mji ambako mume alikuwa akikaa, kwani aliyetamka huenda aliandikisha kwake.

Nakala ya mama sasa iko ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na cheti cha nikaha ya Ami. Zamani alikuwa akiona haya kulitaja neno talaka mbele ya wajukuu. Juzi tulimsikia akimwambia mjukuu wake mkubwa, anayetarajia kuolewa baada ya Maulidi, in shaa Allah: "Cheti chako cha ndoa ukishike mwenyewe, mwanangu. Na Mungu akukinge na kile cha pili. Lakini kikija, hicho nacho ukishike."

Mwenyezi Mungu azidumishe nyumba zetu kwa mapenzi na huruma, na zisizodumu azifunge kwa wema. Amin.