Tovuti ya klabu na saa ya maji kujaa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu si uvivu. Nilikwenda nyumbani Lamu kupumzika, nikapewa kazi isiyo na malipo. Imenifundisha mengi kuliko kazi kadhaa nilizolipwa, ndiyo maana leo naandika.

Kwa asiyefahamu, ukienda Lamu kwa ndege huteremki Lamu. Unateremka kisiwa cha Manda, maana uwanja wa ndege uko huko, kisha unavuka kwa boti. Wageni wengi wa Manda hawaoni zaidi ya gati lile. Lakini kisiwa kina wenyewe. Kuna Maweni, wanakochonga mawe ya kujengea. Kuna magofu ya Takwa, mji uliohamwa zaidi ya miaka 300 iliyopita, na husimuliwa kuwa watu wake walivuka wakaenda kukaa Shela. Na ufukweni, mkabala na hiyo Shela, kuna klabu ndogo ya mashua ambapo vijana hufundishwa kuogelea, kutweka tanga na kushika usukani. Jina lake sitalitaja, wenyewe wana haya.

Katibu wa klabu ni mtoto wa ami yangu. Siku ya pili tu tangu nifike akanijia.

"Bwana, wewe si fundi wa mitandao? Itazame tovuti yetu. Wanachama wapya hawaji kabisa."

Hali ilikuwa mbaya kweli. Wakubwa wameondoka, wengine kwa kazi, wengine kwa masomo. Walibaki vijana saba. Mashua ya pili ilikuwa imepandishwa juu, imekauka mpaka mbao zimeachana, kwa kuwa ada ya watu saba hainunui hata pamba ya kalafati. Katibu aliniambia wazi kuwa wakipungua tena, watafunga.

Basi nikafanya kile tunachofanya sisi waandika programu: sikumwuliza mtu yeyote kitu. Nilijifungia siku mbili, nikabadilisha rangi, nikaweka picha kubwa zinazopishana zenyewe, machweo, matanga, mikoko. Ikapendeza. Nikaipeleka kwa jirani yetu, mama mwenye watoto watatu, nikampa simu yangu aitazame.

Akatazama. Akasema, "Picha nzuri, mwanangu. Lakini mtoto akiwa majini, nani anamwangalia? Nauli ya boti kwenda na kurudi nani analipa? Na wasichana wana siku yao?"

Ndugu msomaji, hakuna hata swali moja kati ya hayo lililokuwa na jibu katika tovuti ile. Wala mimi sikuwa na jibu. Kurasa zote zilikuwa za Kiingereza, zikieleza historia ya klabu na vikombe ilivyoshinda. Tulikuwa tunajisimulia wenyewe.

Kesho yake nikavuka hadi Maweni. Huko nikakutana na kijana mmoja, wazazi wake walitoka bara. Alisema aliwahi kusoma tovuti ile, ikamwambia mazoezi ni kila Jumamosi saa nne asubuhi. Akaenda. Hakukuta mtu. Akaenda tena baada ya wiki mbili, hakukuta mtu. Akaacha.

Nilipomweleza katibu, alicheka. "Saa nne ya bamvua? Maji yote yamekupwa, nani atashusha mashua kwenye mchanga?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku hucheleweshwa kwa takriban dakika 50. Kwetu, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi huwa yamekupwa. Baada ya wiki moja, siku za maji mafu, mambo hugeuka: saa nne ndiyo ya kujaa. Kwa hiyo ile "kila Jumamosi saa nne" ilikuwa kweli wiki moja na uongo wiki inayofuata. Wanaklabu wote walijua, maana wamezaliwa na bahari. Hawakuona haja ya kuiandika. Aliyedanganywa ni yule mmoja tuliyekuwa tunamtafuta.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Tovuti ilikuwa na fomu ya kujiunga. Nikauliza, ujumbe ukitumwa unaingia wapi? Wakatazamana. Ulikuwa unaingia kwenye barua pepe ya katibu wa zamani, ambaye sasa yuko Mombasa. Tukampigia, akahangaika na nywila yake hadi usiku, akafungua. Ndani mlikuwa na barua 19 ambazo hazijasomwa. Ya zamani kabisa ilikuwa na zaidi ya mwaka.

Tulianza kupiga simu mmoja mmoja. Mama mmoja alikuwa ameandika mara mbili kuhusu binti yake. Binti ameshahamia Malindi kusoma. Mama hakukasirika, alisema tu, "Tulidhani hamtaki wasichana." Katibu alikata simu, akakaa kimya muda mrefu.

Nikafuta kazi yangu yote ya siku mbili, nikaanza upya. Haya ndiyo niliyofanya, kwa faida ya wenzangu:

1. Ukurasa wa kwanza ni Kiswahili, na unaanza na maswali ya yule mama: nani anaangalia watoto, jaketi za kuokolea zipo ngapi, nauli, siku ya wasichana.

2. Picha zilikuwa na megabaiti nne kila moja. Nikazipunguza upana na kuzibana, hakuna inayozidi kilobaiti 100. Mtu anayenunua bando la siku hawezi kulitumia lote kwa machweo yetu.

3. Niliingiza jedwali la maji la mwaka mzima kwenye faili dogo. Programu inachagua maji kujaa ya mchana wa Jumamosi ijayo na kuandika saa. Mwanzoni iliandika "10:00", mzee mmoja akaisoma saa kumi! Sasa inaandika "saa 4 asubuhi".

4. Fomu nimeitoa. Badala yake kuna namba mbili za simu, ya katibu na ya mwalimu wa wasichana, ukibofya unaingia WhatsApp moja kwa moja.

5. Nimeweka cheti cha usalama cha Let's Encrypt, ambacho ni bure. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huiandika tovuti isiyo na cheti kuwa si salama, na mzazi akiona neno hilo juu ya jina la klabu ya watoto, amemaliza.

Jumamosi ya kwanza, maji yakijaa saa tisa alasiri, walikuja tisa. Sita wameendelea, wawili kati yao wasichana. Yule kijana wa Maweni ni mmoja wao. Si umati, lakini mashua ya pili imetiwa kalafati na iko majini.

Kama una klabu, chama au timu yenye tovuti, kabla hujamwita fundi kama mimi akubadilishie rangi, fanya jambo moja leo usiku. Jifanye mgeni, ujaze fomu yako mwenyewe, kisha usubiri uone nani atakujibu.

Kwa leo naishia hapa. Tuonane wiki ijayo, inshallah.