Barua ya Jumuiya

Mkatoliki akihamia Mwanza leo na kutaka mtoto wake abatizwe, swali la kwanza ofisi ya parokia ni moja: unasali jumuiya gani? Bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya, shughuli inaishia mlangoni. Ndoa ni hivyohivyo. Hata maziko. Nimewahi kuwaona wafiwa wakipekua droo usiku kucha kutafuta kadi ya zaka ya marehemu, mwili uko mochwari.

Nilipokuwa mdogo sikuisikia barua hiyo. Aihitaji nani, na mtaa mzima unajuana?

Jumuiya zenyewe zilikuwepo tayari. Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walikuwa wamekutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, wakaamua Kanisa liishi katika jumuiya ndogondogo, majirani kwa majirani. Usukumani wazo hilo halikuwa geni hata kidogo. Watu walishazoea kulimiana mashamba kwa zamu na ngoma ikilia. Kilimani kwetu, kama ilivyo Igogo au Mabatini, nyumba zimepachikwa juu ya miamba hadi unajiuliza aliyebeba matofali alipitia wapi. Tulikutana Jumamosi alfajiri, mikeka ikitandikwa uani kwa mtu. Ikisomwa Injili ya Jumapili, wachache walisema neno, kisha mwenyekiti wetu, mama aliyeuza dagaa Mwaloni na ambaye daima alikuwa na haraka ya kuwahi soko, aliuliza: "Haya ndugu zangu, wiki hii tunakwenda kwa nani?"

Hapo ndipo ibada ilipochangamka. Fulani amejifungua, hana wa kumtekea maji. Mzee wa kule juu hajaonekana tangu Jumatano. Kazi ziligawanywa kwa majina, na aliyepewa hakuwa na pa kujificha.

Jumuiya ilikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mikono, kilichofungiwa milingoti miwili ubavuni. Gari lilikuwa halifiki kwetu, kwa hiyo mgonjwa wa kwenda hospitali ya Bugando aliketishwa humo, akashushwa na wanaume wanne. Wa tano alitangulia akitembea kinyumenyume, macho kwenye miguu ya wenzake: "Jiwe hilo... shusha kushoto... subirini." Walimbeba hivyo hata fundi cherehani, jirani yetu Mwislamu, mkewe akifuata nyuma na kandambili mkononi. Sikusikia mtu akiuliza dini yake.

Miaka ya tisini UKIMWI ulipopamba moto, kiti hakikupumzika. Akina mama wa jumuiya waliwaogesha wagonjwa ambao ndugu zao wenyewe waliogopa kugusa vikombe vyao. Glavu hazikupatikana, walivaa mifuko ya nailoni na kuifunga kwa mpira kwenye vifundo vya mikono. Katekisimu niliikariri vizuri kwa ajili ya komunyo ya kwanza, lakini imani niliisomea kwenye ile mifuko.

Ilipozama meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, mamia walikufa. Mama zetu walishuka hadi uwanja wa Nyamagana kukaa na watu waliotoka Kagera kutafuta ndugu zao kati ya maiti. Jioni walirudi nao, wakawalaza sebuleni.

Kisha mambo yakabadilika, na mengi yakawa ya heri. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Watu tuliokuwa tukiwaandalia sanda wakarudi sokoni. Barabara za mawe zikapanda mlimani, bodaboda zikafuata. Sikitamani kile kiti. Ila Jumamosi zetu zilibaki na nafasi, na nafasi hiyo ikajazwa na daftari: zaka, tegemeza jimbo, mavuno, ujenzi. Siku hizi Injili ikiisha anasimama mtunza hazina. Lile swali la mwenyekiti hakuna aliyelifuta. Halipo tu kwenye ajenda.

Simu nayo siibezi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, michango ilianza kuingia kwenye kundi letu la WhatsApp siku ileile, mingine kutoka kwa vijana wetu walioko Dar es Salaam na Oman. Tena yapo mambo ambayo kiti kisingeyaweza: gharama za kusafisha damu ya mgonjwa wa figo hazibebwi mabegani.

Kwaresima iliyopita, kijana wa bodaboda aliyepanga kwetu alivunjika mguu. Si mwanajumuiya, sijui hata kama anasali. Mtu aliitupia habari kundini. Katibu wetu, mtu wa taratibu, akajibu kwamba kwa mujibu wa katiba ya jumuiya mfuko wa matatizo ni wa wanachama waliokamilisha michango. Kimya. Baadaye akaandika binti mmoja anayesomea uuguzi: "Sawa katibu, mfuko ubaki. Anaruhusiwa saa kumi na chumba chake kiko juu ya ngazi. Naomba watu wawili."

Walifika watatu. Mmoja wao alikuwa katibu, aliyemshika kijana kwapani ngazi zote huku akieleza kifungu cha katiba kinachohusika.