Uzito wa Maji Yaliyotulia



Sisi watu wa Kilosa hatuna haja ya kufundishwa nguvu za maji. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta lake, ukaingia majumbani, ukaharibu Reli ya Kati, na maelfu ya watu wakahamia katika mahema. Hata hivyo, sisi tulioyaona hayo kwa macho yetu tulikuja kuyadharau maji machache yaliyotulia sebuleni mwetu, na kwa dharau hiyo tukamtia mtoto wetu hatarini. Twaeleza kisa hiki ili wenye nyumba, na vijana wapendao kazi za mikono, wapate kujihadhari.

Watoto wetu walikuwa wametuomba siku nyingi tuwafugie samaki. Hatukuona ubaya, kwani twaijua habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake, na jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomliwaza kilipokufa. Basi tukaagiza tangi la kioo kutoka Morogoro, urefu wake sentimita 120, upana 45, na kimo chake 50. Likafika salama. Ikabaki kulitengenezea meza ya kulibeba, nasi kwa kujiamini tukasema kazi hiyo twaiweza wenyewe.

Tulichukua mbao mbichi zilizosalia katika ujenzi wa banda, tukasimamisha miguu minne, tukazipigilia mbao za juu ubavuni mwa miguu kwa misumari, kisha tukapaka rangi. Meza ilipendeza mno. Tukajaza maji, tukatia perege sita wadogo, nyumba nzima ikafurahi.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Alfajiri, binti yetu wa miaka sita alikuwa ameketi sakafuni mbele ya tangi. Akasema, "Baba, mbona maji yamelala upande mmoja?"

Tulipotazama, upande wa kushoto maji yalikuwa yamekaribia ukingo, na msumari mmoja ulikuwa umechomoka nusu. Tulimnyanyua mtoto kwanza. Kisha tukawahamishia samaki katika ndoo, tukayateka maji kidogo kidogo mpaka mikono ikafa ganzi, huku mbao zikilia.

Hapo ndipo tulipopiga hesabu iliyotupasa kuipiga mwanzo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi lile huchukua lita 270, yaani kilo 270 za maji peke yake. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, zapita kilo 350. Ni sawa na kuwapandisha watu wazima watano juu ya meza, nao wasishuke usiku wala mchana.

Tukashika njia ya Ulaya hadi Mikumi, kwa mzee mmoja seremala aliyesifiwa kwa vitanda visivyolia. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, na mbao za paina za Mufindi hupita hapo kwa malori. Tulimwamkia mzee, tukamweleza aibu yetu. Hakutucheka. Alisema, "Mwanangu, msumari kazi yake ni kushika, si kubeba. Abebaye ni mti. Mzigo uukalie mti, na mti uikalie ardhi."

Akatufundisha haya. Kwanza, mbao ziwe kavu, kwani mbao mbichi hujipinda zikaukapo. Mninga ni bora, lakini ununuliwe wenye kibali, usiwe wa wizi wa msituni. Na asiyeuweza, paina kavu ya inchi 2 kwa 4 yatosha. Pili, fremu ya juu ikae juu ya vichwa vya miguu, isining'inie ubavuni. Na miguu iwe sita, miwili ikiwa katikati. Tatu, nyuma pawekwe mbao za mshazari ili meza isiyumbe. Nne, pimamaji iwekwe kila upande kabla ya kujaza, na chini ya tangi pawe na ubao mpana ulionyooka. Mwisho, maji yatiwe robo, yangojewe usiku mmoja, yapimwe tena, ndipo yaongezwe.

Tuliirudia kazi yote kwa wiki mbili, kwa miguu na fremu mpya. Meza hii si nzuri kama ile ya kwanza, lakini tangi limekaa juu yake miezi minane bila kuinama. Perege wakikua tutawapeleka bwawani, kwani kiumbe uliyemfungia ni amana.

Ndugu zetu, kosa letu halikuwa ukosefu wa fedha, bali kupenda rangi kuliko kiungo. Rangi huonwa na mgeni. Kiungo hakionwi na mtu, ila ndicho kilichobeba maisha ya mtoto akaaye mbele yake. Hapana budi kuuliza wajuao kabla ya kujenga, wala si baada ya mbao kulia.

Binti yetu bado huamka mapema na kutazama kama maji yamelala sawa. Nasi hatumkatazi, bali siku hizi hutazama pamoja naye. Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu, na atujalie kuzifanya kazi zetu kwa uaminifu, za dhahiri na za siri. Amin.